Jinsi ya kupanga begi la mkononi ukisafiri nje ya nchi, lisije likakukwamisha uwanjani

Kuna chupa ya asali ya Tabora mpaka leo nikiikumbuka inaniuma. Mama aliitafuta mwenyewe, akaichuja, akazungushia selotepu kwenye mfuniko, akaniambia hii usiweke kwenye begi kubwa huko wanarusha rusha mizigo itapasuka, ishike mkononi. Nikaishika mkononi. Kufika ukaguzi wa uwanja wa transiti yule dada wa mashine akaitoa, akaigeuza, akasema hiki ni kimiminika na kimezidi, ikaingia kwenye pipa hivyo hivyo ikiwa haijafunguliwa. Sikugombana nae maana sheria ndo ilivyo, ila nilipanda ndege nimenyong'onyea kabisa. Toka siku hiyo ndugu yeyote akisafiri begi lake la mkononi nalipanga mimi, na humu naandika vile ninavyofanya, hasa kwa mtu anaetoka Dar, Zanzibar au Nairobi anapita Doha, Dubai, Addis au Istanbul kwenda Ulaya au Marekani.

Kitu kimoja kishike kabla ya vyote: begi lako linapita sehemu nyingi, na kila sehemu ina sheria zake, kwa hiyo unalipanga kwa sheria ya pale penye ukali zaidi kwenye safari nzima. Usipange kwa sheria ya pale unapoanzia tu.

Hatua ya 1: Soma tiketi, ndege zote zilizoandikwa humo

Watu wanaangalia kilo 23 au 30 za begi kubwa tu, hili la mkononi wanalichukulia kama mkoba wa kwenda Kariakoo. Ukweli ni kwamba Emirates, Qatar na Ethiopian kwa daraja la kawaida wanakupa kilo 7 tu. Turkish ni kilo 8. Kenya Airways wanatoa 12, KLM nao ni 12 lakini hizo zao ni jumla, begi pamoja na kale kamkoba kako kadogo. British Airways wanafika mpaka 23 ila ulinyanyue mwenyewe kulipandisha juu. Sasa angalia mtu ametoka Nairobi na ndege ya kilo 12 alafu huko mbele anaunganisha na ya kilo 7, atapita vizuri Nairobi, shida itamkuta ugenini ambako hana hata wa kumwachia mzigo.

Vipimo navyo usivipuuze. Emirates wanataka sentimita 55 kwa 38 kwa 22, Qatar wanataka 50 kwa 37 kwa 25, yaani begi lile lile linaloenea kwa mmoja kwa mwingine limeshazidi urefu. Na unapima na matairi yake na mshikio wake, sio kitambaa tu. Chukua futi ya fundi cherehani upime, dakika mbili umemaliza.

Alafu angalia kwenye tiketi panapoandikwa ndege inaendeshwa na nani. Unaweza kununua tiketi kwa kampuni hii ukajikuta umepanda ndege ya kampuni nyingine waliyoungana nayo, na mara nyingi sheria ya begi la mkononi itakayokubana ni ya mwenye ndege. Sheria zenyewe zinabadilika pia, kwa hiyo hizi namba nilizoandika hapa zitazame tena kwenye ukurasa wa kampuni yako wiki ya safari. Mwaka 2017 Marekani waliwahi kukataza laptopu ndani ya ndege zinazotoka Dubai, Abu Dhabi, Doha na viwanja vingine, ilitangazwa Machi, ikaja kuondolewa Julai, na watu waliokuwa na tiketi za muda huo walilazimika kupanga mizigo upya kabisa.

Na kama ukifika Ulaya utaunganisha na ndege za bei rahisi, jiandae mapema. Ryanair na Wizz Air bure yako ni kamkoba ka 40 kwa 30 kwa 20 tu, kanakoingia chini ya kiti cha mbele. Lile begi la matairi ulilotoka nalo Dar salama kule utalilipia, na ukisubiri kulipia getini ni ghali kuliko ungelilipia mtandaoni siku unakata tiketi.

Hatua ya 2: Chagua begi jepesi, pima nyumbani

Hapa ndo watu wengi wanaliwa kilo bila kujua. Begi gumu la matairi likiwa tupu linaweza kuwa na kilo tatu. Kwenye 7 umebakiwa na 4, weka laptopu na chaja yake hapo imebaki moja na kitu. Mimi kama sheria ni kilo 7 nasema begi la mgongoni, la kitambaa, ambalo halifiki hata kilo moja likiwa tupu, na likijaa kidogo unalibonyeza linaingia kwenye kile kifremu chao cha kupimia, begi gumu halibonyezeki.

Mzani wa kuning'iniza sio ghali na utautumia miaka. Kama hauna, panda kwenye mzani wa kawaida ukiwa umebeba begi, alafu panda bila begi, toa. Lenga kilo 6 na nusu, usijaze mpaka 7 kamili maana mzani wako na wa kaunta sio lazima zisome sawa, na njiani utaongeza chupa ya maji, karatasi, zawadi ya mwisho mwisho.

Koti la baridi na viatu vizito vaa. Usiseme Dar kuna joto, ukifika kwenye kaunta ushapima unalivua unalishika mkononi, ndani ya ndege penyewe kuna baridi utalihitaji.

Hatua ya 3: Mkononi kaa na vile ambavyo vikipotea umekwama

Jiulize hivi: begi kubwa likichelewa siku tatu nitaishije? Jibu lake ndo linaingia kwenye begi la mkononi. Pasipoti, barua ya chuo au ya kazi, vyeti vyenyewe, hela, dhahabu, miwani, funguo, nguo ya kubadilisha moja na ya ndani mbili, simu na chaja. Hela ukiwa na zaidi ya dola 10,000 taslimu unatakiwa kutangaza, Tanzania ukitoka na Marekani ukiingia, na Ulaya ni euro 10,000, kutangaza sio kosa, kosa ni kukutwa hujatangaza.

Dawa zote ziwe mkononi, kwenye boksi lake lenye jina, na karatasi ya daktari iandikwe kwa Kiingereza. Usizimwage kwenye kichupa kimoja kama tunavyofanya nyumbani. Insulini usiithubutu kuiweka begi kubwa, kule chini inaweza kuganda. Na kwa wanaokwenda Dubai nawaomba kabisa, dawa za maumivu zenye tramadol na dawa za kikohozi zenye kodeini zinadhibitiwa sana na nchi yao ya Falme za Kiarabu, unatakiwa uombe kibali cha serikali yao kabla ya kusafiri, huku kwetu unaweza kuiona dawa ya kawaida tu kule ikakupeleka mahakamani.

Betri: pawabenki ni mkononi tu, begi kubwa hairuhusiwi kabisa, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule chini hakuna wa kuizima, ila kule juu mnakokaa abiria wahudumu wataiona. Kipimo wanachotumia ni wati-saa, na sheria inasema mpaka 100 unapita bila kuomba, kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha kampuni, kuzidi 160 hapana. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 alafu gawa kwa elfu. Ya 20,000 inakuja 74, upo salama. Ya 30,000 inakuja 111, hiyo mpaka kibali, bora uiache. Na ile ambayo maandishi yamefutika usiende nayo, ofisa hana namna ya kujua ni ya ngapi ataichukua. Emirates kuanzia Oktoba 1, 2025 wanaruhusu pawabenki moja tu kwa mtu, na kuitumia ndani ya ndege marufuku, kwa hiyo chaji simu yako kabla ya kupanda.

Visu, mkasi, wembe, mbuzi ya kukunia nazi (ndio, nimeshaona mtu ametia mbuzi kwenye begi la mgongoni), rungu la Kimasai ulilomnunulia rafiki, hivyo vyote begi kubwa. Rungu linaonekana pambo lakini ukaguzi wanalihesabu silaha.

Hatua ya 4: Vimiminika, na vile ambavyo hukujua ni vimiminika

Agosti 2006 polisi wa London walizuia mpango wa kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji maji vya kufichwa kwenye chupa za soda, na mwezi Novemba mwaka huo Ulaya wakaleta hii sheria ambayo dunia karibu yote ikaifuata: kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa kuona wa lita moja unaofungika.

Wanachoangalia ni ukubwa wa chupa, sio kilichobaki ndani. Chupa ya losheni ya 400 ikiwa imebaki kidogo kabisa chini bado ni chupa ya 400, inaenda na maji. Nunua vichupa vidogo, hamishia humo, andika kwa pen nini ni nini.

Sasa shida yetu sisi ni vyakula na mafuta. Kwa macho ya ukaguzi kimiminika ni chochote kinachomwagika, kinachopakika au kinachochukua umbo la chombo chake. Asali ndani. Samli ndani. Achari, pilipili ya kusaga, siagi ya karanga, mtindi, rojo la tende, yote ndani. Mafuta ya nazi hata kama yameganda. Halua ya Zanzibar, ile laini ya kwenye kikapu, mimi siipeleki tena mkononi, naiweka begi kubwa. Marashi na mafuta ya udi yanapita kama chupa ni ndogo, udi wenyewe wa vijiti hauna shida. Dawa ya meno, deodoranti ya kupaka, maskara, wanja wa maji, jeli ya nywele, hivi ndo vinasahaulika.

Zinazosamehewa ni maziwa na chakula cha mtoto mchanga anaesafiri na wewe na dawa za lazima, hizo zinaweza kuzidi mililita 100 ila unazitoa pembeni unazitaja mwenyewe kabla hujaulizwa, na dawa unaonesha karatasi.

Utasikia mtu anasema siku hizi Ulaya wameshaondoa mambo ya mililita 100. Ni kweli baadhi ya viwanja, mfano Edinburgh, vimefunga mashine mpya na kuanzia 2025 unapita na chupa mpaka lita mbili. Lakini hiyo ni ukitokea pale. Wewe unatoka Dar unapita transiti, mashine ya Edinburgh haikuhusu mpaka siku ya kurudi, na siku ya kurudi transiti bado itakusubiri.

Kwa wanaokwenda Marekani kuna na unga. Toka Juni 30, 2018 unga unga wowote mkononi unaozidi mililita 350, yaani kama kopo la soda, unaweza kufunguliwa kukaguliwa na ukakataliwa. Unga wa ugali, unga wa uji wa lishe, pilau masala, iliki ya kusaga, begi kubwa yote. Maziwa ya unga ya mtoto hayana shida.

Kuhusu huo mfuko wa kuona: Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, Tanzania Juni 1, 2019, Rwanda wao walianza zamani, 2008. Watu wanaogopa kwamba hata ka-ziploki ka vipodozi ni kosa. Tanzania walieleza toka mwanzo kwamba ziploki ya vipodozi vya msafiri inaruhusiwa mradi uondoke nayo. Kinachokatazwa ni mfuko wa rambo wa kubebea, kwa hiyo ukirudi nyumbani na viatu umevifunga kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, utoe kabla hujatua.

Hatua ya 5: Mzigo wa mtu

Hili linaniumiza kulisema kwa sababu linagusa undugu wetu, lakini naliandika kwa herufi nzito moyoni. Siku ya kusafiri, dakika za mwisho, atakuja mtu. Shangazi wa jirani, rafiki wa kaka, mtu wa kanisani au wa msikitini, ana kifurushi kimefungwa vizuri na selotepu, anasema mwanangu yupo huko huko unakoenda nipelekee hiki kidogo tu, ni dagaa na dawa za kienyeji. Na sisi tumelelewa kutokukataa.

Kataa. Au fungua. Hakuna cha katikati. Kaunta watakuuliza kama begi umelipanga mwenyewe na kama kuna mtu amekupa kitu, na ukishasema ndiyo nimelipanga mwenyewe, chochote kitakachokutwa humo ni chako. Kuna Watanzania na Wakenya wamefungwa nchi za mbali kwa unga wa madawa uliokuwa kwenye mzigo, na huko hakuna anaesikiliza habari za shangazi. Mirungi nayo, wengine wanaona ni majani tu, Uingereza walishapiga marufuku toka Juni 2014, nchi za Ghuba ndo usiseme.

Mimi nafanya hivi: namwambia mapema, naomba ulete wiki moja kabla, kikiwa wazi, tukae wote tufungashe. Mwenye nia njema anakuja na karanga zake tunafungasha tunacheka, na pale pale namwambia kama kuna kitu hakiruhusiwi. Asiyetaka kifunguliwe nae nimeshamjua. Na hata kikiwa salama kipe nafasi begi kubwa, kilo saba zako za mkononi usigawe kwa mtu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, kwenye uwanja

Uwanja wa Julius Nyerere unakaguliwa mlangoni kabla hata ya kufika kaunta, alafu unakaguliwa tena ukishapita uhamiaji. Jomo Kenyatta wanakushusha kwenye gari kule barabarani unatembea kupita mashine. Wasindikizaji hawaingii ndani. Sasa kosa letu ni kwamba tukishakumbatiana pale nje na kulia lia, Noah inageuza inaondoka. Waambie wasubiri. Waambie wakae parking mpaka uwapigie simu kwamba nimeshachekini mizigo imepokelewa. Kikikataliwa kitu, unatoka nacho unawapa wanarudi nacho nyumbani, mbuzi ya nazi ya watu haiendi kwenye pipa. Kama wangeondoka, ungelipa eksesi (hela ya mzigo uliozidi) au ungetupa.

Panga begi ili laptopu na kamfuko ka vimiminika vitoke kwa mkono mmoja, viwe juu kabisa. Mkanda, saa, sarafu, tia kwenye mfuko wa koti kabla hujafika kwenye foleni. Ofisa akikwambia fungua, fungua taratibu bila kuongea sana, anafanya kazi yake na nyuma yako kuna mia wanasubiri.

Hatua ya 7: Transiti

Doha, Dubai, Addis, Istanbul, utapita mashine upya. Ile chupa ya maji uliyonunua Dar baada ya ukaguzi, imalize au imwage kabla ya kushuka. Nenda na chupa tupu ujaze kwenye bomba la kunywea ukishavuka. Ukinunua marashi ya diuti frii waambie wakufungie kwenye ule mfuko maalumu wa kubanwa, risiti iwe inaonekana ndani, na usiufungue mpaka safari yote iishe, hata kama mtu anataka kunusa tu.

Wa Marekani: ukitua uwanja wa kwanza wa nchi ile, hata kama unaendelea mji mwingine, utachukua begi lako kubwa, utapita forodha, alafu unalikabidhi tena na wewe unapita ukaguzi wao. Hapo hapo ukiwa na begi kubwa mkononi, hamishia marashi na vitu vyote vya maji humo. Watu wanapita na mfuko wa diuti frii wanakuja kunyang'anywa kwenye ndege ya mwisho ya saa moja.

Hatua ya 8: Wakikwambia ndege imejaa

Getini wakati mwingine wanakusanya mabegi ya mkononi kuyapeleka chini bure kwa sababu juu hakuna nafasi. Usikatae, ila kabla hujalitoa, toa pawabenki, pasipoti, dawa, hela, laptopu. Ndo maana ndani ya begi langu kuna kakipochi ka kitambaa chenye hivyo vitu vyote, nakachomoa kwa sekunde moja nakatia begani. Kapange hivyo toka nyumbani.

Na vyakula, kabla hujavisumbukia kilo, hakikisha kule unakokwenda vinaingia. Ulaya hawataki nyama wala kitu cha maziwa kutoka kwetu, samli imo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, embe likiwemo, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Dagaa wakavu wanapita, samaki kwa mtu mmoja mwisho kilo 20, funga mara tatu harufu isitoke. Marekani tangaza kila cha kula hata kama una uhakika nacho.

Asali Ulaya wanaipokea, mpaka kilo 2 kwa mtu. Ya mama siku hizi inasafiri begi kubwa: chupa ya plastiki sio ya kioo, isijae mpaka juu, chini ya mfuniko naweka kipande cha nailoni, ziploki mbili, alafu naizungushia khanga mbili naiweka katikati ya nguo mbali na kingo za begi. Mara ya mwisho nilipofungua upande wa pili khanga ilikuwa kavu, nikampigia mama video kolu nikamwonesha.